Kazi ya Sanaa Haisomwi Peke Yake: Nadharia ya Uhakiki na Muktadha wa Utamaduni katika Sanaa ya Leo

Msomaji aliyepitia somo la fasihi katika shule ya sekondari, iwe Tanzania au Kenya, anaijua njia ya kuhakiki kazi kwa kuigawa katika fani na maudhui: upande mmoja mtindo, muundo, matumizi ya lugha na mandhari, na upande wa pili dhamira, ujumbe na msimamo wa mwandishi. Njia hiyo imewafaa wengi na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini mtu huyohuyo akiingia katika jumba la maonyesho ya sanaa ya leo, akakuta magunia yaliyoshonwa pamoja na kutundikwa ukutani, au picha ya zamani iliyobandikwa juu ya picha mpya, huanza kutafuta ujumbe kama alivyozoea, na asipoupata hutoka akiamini ama kwamba msanii amemdanganya, ama kwamba yeye hakujaliwa jicho la sanaa. Imani zote mbili zinapotosha. Alichokosa ni maswali ya aina nyingine: nani alilipia kazi hii, nani alitarajiwa kuitazama, imetengenezwa kwa kitu gani na kitu hicho kilikuwa na kazi gani kabla ya kufika hapa, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuiita sanaa.

Maswali hayo ndiyo yanayofundishwa katika vyuo vya sanaa kwa jina la nadharia ya uhakiki na muktadha wa utamaduni. Wanafunzi wengi wa uchoraji na uchongaji huliogopa somo hili kuliko mengine yote, kwa kuwa huwajia kama orodha ya majina ya wanafalsafa wa Ulaya iliyosheheni istilahi nzito, tena katika darasa lililo mbali na karakana wanakoshika brashi na patasi. Hofu hiyo inaeleweka, ila inatokana na namna somo linavyofundishwa kuliko na somo lenyewe. Ninachodai katika makala haya ni kwamba muktadha umo ndani ya kazi ya sanaa tangu siku inapoanza kutengenezwa, na kwamba nadharia ni nidhamu ya kuuona muktadha huo, ikiwa ni pamoja na kuuona pale wenye kazi wanapodai kwamba haupo.

Asili ya nadharia hii

Kwa maana yake ya kwanza, nadharia ya uhakiki inahusishwa na Taasisi ya Utafiti wa Jamii iliyoanzishwa mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1923. Mwaka 1937 mkurugenzi wake, Max Horkheimer, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kukimbilia Marekani kwa sababu ya utawala wa Wanazi, aliandika insha iliyotofautisha nadharia ya aina mbili. Ya kwanza huueleza ulimwengu kana kwamba mwelezaji amesimama nje yake. Ya pili hutambua kwamba mwelezaji, vyombo vyake na maslahi yake ni sehemu ya ulimwengu huohuo, na haifichi kwamba inataka watu wawe huru zaidi kuliko walivyo. Walter Benjamin, mhakiki Mjerumani aliyekuwa karibu na kundi hilo, alikuwa ameuliza miaka michache kabla ya hapo kazi ya sanaa inapoteza nini, na inapata nini, pale kamera na filamu zinapowezesha nakala zake kufika kila mahali.

Katika vyuo vya sanaa jina hilo limepanuka, na leo linabeba pia umuundo wa Kifaransa (unaotafuta maana katika uhusiano wa alama na alama), ufeministi, maandishi kuhusu ukoloni na athari zake, na mengine mengi ambayo waanzilishi wa Frankfurt wasingeyatambua kuwa yao. Nchini Uingereza, mlango wa kuingilia masomo ya aina hii katika shule za sanaa ulifunguliwa na ripoti ya kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream mwaka 1960, iliyotaka takriban asilimia 15 ya muda wa mwanafunzi itumike kwa historia ya sanaa na masomo ya ziada. Mgawanyo huo, yaani karakana kwanza na nadharia pembeni, bado unaonekana katika mitaala mingi, na kwa maoni yangu ndio uliolijengea somo hili sifa ya kuwa pambo.

Jinsi nadharia inavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja mfupi. Mwaka 1955 jarida la Paris Match lilitoa jalada lenye picha ya kijana mweusi aliyevaa sare za kijeshi za Kifaransa, akipiga saluti. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliitumia picha hiyo kueleza kwamba maana hufanya kazi katika ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza tunaona askari kijana anayetoa heshima, na hakuna wa kulibishia hilo. Katika ngazi ya pili, picha inatumia ukweli huo kutuambia kwamba Ufaransa ni dola kubwa, kwamba wanawe wote wanaitumikia bila ubaguzi wa rangi, na kwamba wanaolalamikia ukoloni wamekwisha kujibiwa na utiifu wa kijana huyu. Ukikumbuka kwamba Ufaransa ilikuwa imeshindwa vita Dien Bien Phu, Vietnam, mwaka 1954, na kwamba vita vya Algeria vilianza mwaka huohuo, utaelewa kwa nini jalada hilo lilihitajika. Hakuna maneno yaliyoandikwa kuutetea ukoloni. Saluti peke yake imeufanya uonekane jambo la kawaida kama jua kuchomoza. Kazi ya nadharia ni kuirudishia picha hiyo tarehe yake.

Wavu, vigango na mamlaka ya kutaja

Mwaka 1988, katika kituo kilichoitwa Center for African Art jijini New York, msimamizi wa maonyesho Susan Vogel aliuweka wavu wa kuwindia wa Wazande, watu wanaoishi kaskazini-mashariki mwa Kongo na nchi jirani, juu ya jukwaa la chini ndani ya chumba cheupe chenye taa ya kumulika. Wavu ulikuwa umekunjwa na kufungwa vilevile kama unavyofungwa kwa kubebwa. Wapo watazamaji waliouchukulia kuwa kazi ya msanii wa kisasa. Mwanafalsafa Arthur Danto, ambaye tangu mwaka 1964 alikuwa akifundisha kwamba kinachokigeuza kitu kuwa sanaa ni mazingira ya fikra na historia yanayokizunguka, aliandika katika katalogi ya maonyesho hayo akisisitiza kwamba wavu huo ni chombo cha kazi tu, kwa kuwa waliousuka hawakuufanya ubebe maana ya ziada. Miaka minane baadaye mwanaanthropolojia Alfred Gell alimjibu kwamba mtego wowote wa kuwindia hubeba fikra nzito: umbo lake linaonyesha alivyo mwindaji, linaonyesha tabia za mnyama, na linaonyesha mkutano wao utakavyokuwa. Ikiwa sanaa ya leo inasifiwa kwa kuweka fikra ndani ya vitu, basi mitego inastahili kukaa chumba kimoja nayo.

Ukiwasoma wote wawili kwa makini, utaona kwamba ubishi wao hautatuliwi kwa kuutazama wavu zaidi. Chumba cheupe, jukwaa, taa na katalogi ndivyo vinavyotenda kazi. Wazande hawakuulizwa, na hilo nalo ni sehemu ya jibu.

Kwa msomaji wa pwani ya Kenya, suala hili lina sura ya karibu na chungu zaidi. Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa, ambazo Wamijikenda, hasa Wagiriama, husimika kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu. Kigango husimikwa kwa sababu koma, yaani roho ya marehemu, imedai, na mara nyingi dai hilo hujulikana kwa ndoto au kwa maradhi katika familia. Kikishasimikwa hakipaswi kung'olewa, hata kama ukoo utahama na kuliacha eneo hilo. Mvua na mchwa wakikimaliza, hayo ndiyo maisha yake. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kupita mikononi mwa wafanyabiashara na kuuzwa ng'ambo, hadi mamia yakafika katika makusanyo ya Marekani, ambako yalisifiwa kwa pembetatu zake zinazojirudia, vichwa bapa vya duara, na urahisi wa umbo unaowakumbusha watazamaji uchongaji wa kisasa wa Ulaya.

Sifa hizo si za uongo. Pembetatu zipo, na mchongaji aliyezikata alikuwa na ustadi ambao wazee wa kijiji wangeweza kuupima na kuukosoa. Lakini msamiati wa umbo, ukisimama peke yake, uliisaidia biashara, kwa sababu ulimwezesha mnunuzi kuzungumza kuhusu mistari na uwiano bila kuuliza kaburi liko wapi. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Vikaibwa mwaka 1985, na baadaye Udvardy akavikuta katika makumbusho mawili ya Marekani. Mzee alifariki bila kuviona tena. Kimoja kilirudishwa kijijini kwa sherehe mwaka 2007. Mwaka 2014 Denver Museum of Nature & Science ilitangaza kuvirudisha vigango 30 Kenya. Mwanafunzi anayeandika kuhusu uchongaji wa aina hii na kuishia kwenye umbo ameandika nusu ya insha, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowahusu watu walio hai.

Muktadha kama uzio

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba muktadha siku zote uko upande wa haki. Historia ya ufundishaji wa sanaa katika Afrika Mashariki inaonyesha vingine. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji Kampala mwishoni mwa miaka ya 1930 na ambaye jina lake limebaki katika shule ya sanaa ya Makerere, aliamini kwamba wanafunzi Waafrika wachore kutokana na hadithi, maisha na mazingira yao, na aliogopa kwamba historia ya sanaa ya Ulaya ingewaharibu. Alipoondoka, mwaka 1958 nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliyeona kinyume chake: mwanafunzi asiyejua historia ya sanaa ya Magharibi amenyimwa vifaa vya kazi.

Msimamo wa Trowell una sura ya heshima, na nia yake sina sababu ya kuitilia shaka. Hata hivyo, kabla mwanafunzi hajashika brashi, mwalimu alikuwa amekwisha kuamua utamaduni wa mwanafunzi huyo ni upi na unakomea wapi. Utamaduni ukawa uzio. Mtu aliyeuvuka uzio huo kwa utulivu mkubwa ni Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, mwanafunzi wa Trowell aliyekuja kufundisha Makerere, akasoma pia katika shule ya sanaa ya Slade jijini London, na baada ya uhuru akaiwakilisha Tanganyika huko kama balozi. Picha zake zinaonyesha migomba, njia za mlimani na watu wanaofanya kazi kwa pamoja, wamepangwa bila kufuata kanuni za mtazamo wa mbali zinazofundishwa Ulaya. Mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York iliipata picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ni kosa kubwa kumwita mchoraji huyu mtu wa silika tu. Mtu aliyepita Slade anajua kuchora kina cha mandhari, asipokichora, ameamua. Muktadha wa kweli wa Ntiro unajumuisha kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, cha Wachaga pamoja na darasa la London, na msomaji anayechukua kimoja na kuacha kingine anarudia uamuzi wa Trowell bila kujua.

Lubumbashi: picha ya sebuleni

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote unatoka Lubumbashi, mji wa jimbo la Katanga kusini-mashariki mwa Kongo, na unawahusu wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee, kwa kuwa wachoraji na wanunuzi wake walizungumzia sanaa hiyo kwa Kiswahili cha Katanga. Katika miaka ya 1960 na 1970, katika miji ya shaba iliyojengwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière na kuendeshwa na kampuni ya serikali baada ya kutaifishwa mwaka 1967, wafanyakazi wa migodi na makarani walinunua picha za rangi, mara nyingi zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakazitundika sebuleni. Moja ya zilizopendwa sana iliitwa Colonie Belge. Inaonyesha uwanja wa gereza wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa kiboko, ofisa mzungu amesimama akiangalia, wafungwa wenye sare za mistari wanaendelea na kazi, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya yote.

Kwa nini mtu aliyetoka kazini amechoka atake kuketi mbele ya picha ya mtu anayechapwa? Aliyezoea kutafuta uzuri hana jibu. Aliyezoea kutafuta ujumbe atasema kwamba mchoraji anatufundisha ubaya wa ukoloni, jambo ambalo wanunuzi hao walilijua kuliko mchoraji yeyote. Jibu lao wenyewe lilikuwa kwamba picha ni ukumbusho, na walimaanisha kitu chenye kazi mahususi: kuanzisha mazungumzo kati ya mwenyeji na wageni wake, ili yaliyopita yaletwe mezani na kupimwa na ya leo. Na ya leo, katika Zaire (jina la Kongo wakati huo) ya Rais Mobutu, yalikuwa na askari wao, magereza yao na viboko vyao. Picha iliyobeba bendera ya Ubelgiji iliruhusu mazungumzo ambayo picha yenye bendera ya Zaire isingeruhusiwa kuyaanzisha. Hapo muktadha haupo nyuma ya picha. Bendera ile, pale ilipochorwa, ni muktadha uliopakwa rangi.

Zaidi ya hayo, picha hiyo ilichorwa tena na tena, na wachoraji mbalimbali, kwa maagizo ya wateja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba thamani ya sanaa ni upekee ataiona hali hiyo kuwa udhaifu. Lakini rudi kwenye swali la Benjamin kuhusu nakala. Katika sebule za Lubumbashi kurudiwa ndiko kulikoipa picha nguvu, kwa sababu mgeni aliitambua mara moja akajua mazungumzo yanakoelekea. Hapa nadharia iliyoandikwa Ulaya inatusaidia kuuliza, lakini jibu linatoka kwa wenye sebule, na jibu lao linaisahihisha nadharia, kwa maana Benjamin alikuwa na mashine mawazoni, ilhali hapa nakala zilitoka kwenye mkono wa mtu.

Mwaka 1973 mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na hadi mwaka 1974 alikuwa amemchorea Fabian historia nzima ya Zaire katika picha 101, kuanzia kabla ya kuja kwa wazungu, akizieleza kwa Kiswahili huku maelezo yakirekodiwa. Katika mfululizo huo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, anaonekana kama shahidi wa dini: amelala amekufa, na nyuma yake imesimama misalaba mitatu, kwa ajili yake na wenzake Mpolo na Okito waliouawa pamoja naye tarehe 17 Januari 1961. Mauaji hayo yalitokea karibu na mji huohuo, uliokuwa makao makuu ya Katanga ya Moïse Tshombe iliyojitenga, kwa hiyo picha hii haikuchorwa mahali popote tu. Tena, mwaka 1966 Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mchoraji alikuwa na kinga ya tamko la serikali, na wakati uleule alikuwa akimwonyesha mtazamaji damu ambayo wenye tamko hilo walikuwa na sababu ya kutaka isitazamwe kwa muda mrefu. Picha moja inasomeka kama utiifu na kama shtaka, na uhakiki mzuri hauchagui haraka.

Lipo swali jingine ambalo nadharia inatulazimisha kuliuliza hata kama linatia doa hadithi tunayoipenda. Mfululizo wa picha 101 haukuwa wa sebule. Hakuna karani wa Lubumbashi ambaye angenunua historia nzima. Aliyeinunua alikuwa msomi wa kigeni, na leo picha hizo ziko Amsterdam. Bila mteja huyo historia hiyo isingechorwa kwa ukamilifu ule, na Tshibumba, ambaye habari zake zinapotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, asingejulikana nje ya Katanga. Simlaumu Fabian, wala sioni kwamba jambo hili linaipunguzia kazi hadhi. Linatuonyesha tu kwamba mnunuzi huingia ndani ya kazi, Lubumbashi kama ilivyokuwa kwa matajiri walioagiza picha Florence, Italia, zamani.

Miaka 30 na zaidi baadaye msanii wa picha Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alitoa mfululizo wa Mémoire, ambamo wafanyakazi na mabwana wa kikoloni waliokatwa kutoka picha za kumbukumbu za kampuni wamesimamishwa juu ya mandhari za leo za mitambo iliyochakaa. Ukiwa na sebule za wazazi wa mji huo akilini, utaona kwamba Baloji hakuanza kutoka sifuri.

Nani hupewa muktadha, nani huachiwa umbo

Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa Mkongo aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alieleza mwaka 1988 kwamba maarifa kuhusu Afrika yamejengwa kutokana na rundo la maandishi ya wamisionari, wasafiri na watawala, aliloliita maktaba ya kikoloni, na kwamba hata Mwafrika anayejieleza mwenyewe mara nyingi hutumia rafu za maktaba hiyo. Katika sanaa ya leo jambo hilo huonekana kwa mgawanyo usio sawa. Mchoraji wa New York anapopaka rangi turubai, lebo hutaja mwaka na aina ya rangi, na watu hujadili umbo. Mchoraji wa Nairobi anapofanya hivyo, lebo hutaja kabila, vita na uchaguzi, na wachache hujadili rangi.

Mgawanyo huo ni wa uongo pande zote mbili. Michoro ya dhahania ya Marekani iliyosifiwa kuwa sanaa tupu ilizungushwa na Museum of Modern Art katika miji ya Ulaya mwaka 1958 na 1959, katikati ya Vita Baridi, wakati uhuru wa mchoraji ulikuwa hoja dhidi ya Moscow. Jumuiya ya Congress for Cultural Freedom, iliyoshabikia utamaduni wa aina hiyo, ilifichuliwa mwaka 1966 na 1967 kwamba ilikuwa ikifadhiliwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na fedha zake zilifika hata kwetu, kwenye jarida la Transition la Kampala na kituo cha Chemchemi cha Nairobi. Watafiti bado wanabishana kuhusu uzito wa mkono huo katika sanaa yenyewe, lakini hakuna tena anayeweza kusema kwamba turubai ile haikuwa na muktadha.

Upande wa pili mfano ni Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusoma London. Huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Buganda na kutumiwa, miongoni mwa mengine, kuwasitiri wafu, ambacho yeye alikikuta kikiuzwa Nairobi kwa watalii. Ukisimama karibu na picha zake utaona mashimo na mishono ya gome ikikatiza uso wa mtu au anga, na rangi ikilazimika kuzunguka kasoro ambazo turubai ya kawaida haina. Kueleza lubugo kama alama ya Uafrika ni kuishia njiani. Kitambaa hicho kimepitia kaburi na duka la watalii kabla ya kufika karakanani, na Armitage anajua kwamba mnunuzi wake wa London naye ni mtazamaji wa kigeni. Umbo na muktadha hapa vimeshonwa kwa uzi mmoja, na anayeacha kuzungumzia jinsi rangi inavyokaa juu ya gome hajauona muktadha wenyewe.

Swali la mgawanyo linagusa pia jinsia. Mwanahistoria wa sanaa Mmarekani Linda Nochlin alipouliza mwaka 1971 kwa nini hapakuwa na wasanii wakubwa wanawake katika historia ya sanaa, jibu lake lilielekezwa kwa shule na kanuni: kwa karne nyingi wanawake wa Ulaya walizuiwa kuchora mwili wa mtu aliye uchi, na bila mafunzo hayo milango ya sanaa kuu ilifungwa. Lihamishie swali hilo Lamu au Unguja, ambako milango iliyochongwa na wanaume imeingia katika vitabu vya sanaa, ilhali mikeka iliyosukwa kwa ukili na wanawake, yenye hesabu ngumu ya rangi na mistari, imebaki kuitwa kazi ya mikono.

Kuandika uhakiki bila kujificha nyuma ya majina

Kasoro ninayoiona mara nyingi katika insha za wanafunzi ni kuanza na mwanafalsafa na kuileta kazi ya sanaa baadaye kama ushahidi. Insha ya namna hiyo ingeweza kuandikwa bila kuiona kazi. Mpangilio wenye afya huanza na kutazama kwa muda mrefu: kipimo, malighafi, mishono, kilichokatwa pembezoni, urefu ambao kazi imetundikwa, maneno ya lebo na lugha yake. Katika kutazama huko hutokea jambo linalogoma kueleweka, kama picha ya mtu anayechapwa iliyotundikwa sebuleni, na hapo ndipo nadharia inapoitwa, kwa kazi maalumu. Kipimo kizuri ni kuliondoa jina la mwanafalsafa katika aya na kuona kama hoja bado inasimama. Ikianguka, jina lilikuwa nguzo badala ya hoja.

Inafaa pia mwandishi atafute ndani ya kazi kitu kinachoipinga nadharia aliyoichagua, na akiandike bila kukifunika, kama tulivyoona mkono wa mchoraji wa Lubumbashi ukiipinga mashine ya Benjamin. Na anapotaja muktadha ataje uliothibitika: mwaka, mahali, mnunuzi, sheria, bei ikijulikana. "Utamaduni wa Kiafrika" si muktadha. Ni jina pana mno kuweza kueleza mshono mmoja.

Kwa msomaji anayetaka kuanza na kazi inayomtaka atumie lugha yake mwenyewe, mazungumzo ya Tshibumba na Fabian yamewekwa kwenye intaneti katika mkusanyo uitwao Archives of Popular Swahili, kwa Kiswahili cha Katanga kama yalivyotamkwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lahaja hiyo itamsumbua kidogo aliyezoea Kiswahili sanifu, lakini baada ya kurasa chache sikio huzoea, na mtu huweza kumfuata mchoraji akieleza picha moja baada ya nyingine, mahali anapokuwa na uhakika na mahali Fabian anapomuuliza tena.